Homa ya Mama Yake Narsamma

Alhamisi, 2 Februari 1984. Ibra, Omani

Leo somo la kwanza la Kitelugu. Mwalimu ni Sista Sarojini, muuguzi wa hospitali, kwao Andhra, Bara Hindi, huko huko kwa Narsamma, mtumishi wetu. Mwanafunzi mimi, mwalimu wa skuli mwenye miaka arubaini na mbili, na daftari jipya. Khelef kacheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye dishdasha. Mume wangu huyu kakaa na Narsamma nyumba moja miezi kumi na minne, na neno analojua kumwambia ni gahwa tu, yaani kahawa.

Mimi nimechoka kuashiria kwa mikono. Narsamma ndiye anayemwogesha Mama yangu, anayemlisha, anayemgeuza ubavu kila baada ya saa mbili tangu kiharusi kimlaze. Ulimi wa Mama mzima, mwili ndio umekataa. Bila ya Narsamma mgongo wake ungeoza, naandika kama ilivyo. Nami siwezi hata kumuuliza kama kalala vizuri.

Sista anasema majina ya Kitelugu yana hali nane. Nimemwomba anipe chache kwanza. Nyumba – illu. Ndani ya nyumba – intlo. Kwenda nyumbani – intiki. Kutoka nyumbani – inti nunchi. Kila kitu kinabandikwa nyuma. Sisi twatia mbele: kwa, katika, kutoka. Ila "nyumbani" yetu nayo ina mkia! Kiswahili nimezaliwa nacho na mkia huo sikuwahi kuutazama.

Jumapili, 5 Februari

Nimejaribu. Amma intlo undi, mama yumo nyumbani. Narsamma kaziba mdomo asicheke, kisha kanisahihisha: unnaru. Mtu mzima hatajwi kama kikombe. Nimeona haya, nikafurahi pia.

Alhamisi, 9 Februari

Mkia wa leo: ku. Kwao mtu hana njaa, njaa iko kwake. Naaku aakali. Homa nayo vivyo hivyo. Ammaku jwaram, mama ana homa. Na mkia to, pamoja na. Ammato, pamoja na mama.

Jioni, tukichambua mchele, Narsamma kanieleza habari za mamake, nikashika nusu. Anakaa kwa kaka mtu. Miguu yake baridi daima, hata jua kali. Mpaka siku ya kuolewa Narsamma alilala ammato, mkeka mmoja. Nimeelewa sentensi nzima. Nilitamani kumwambia mtu, lakini Khelef alikuwa anasikiliza taarifa ya habari.

Jumatatu, 20 Februari

Khelef kaja na telegramu kutoka sanduku la posta la ofisini. Kiingereza, maneno machache. Mama amefariki tarehe 19. Mjulisheni Narsamma. Kaiweka mbele yangu. "Wewe ndiye unayejua lugha," kasema, akaenda kuswali.

Narsamma alikuwa jikoni anaosha sufuria. Sikumwambia.

Jumanne, 21 Februari

Nimemuuliza Mama nifanyeje. Kasema mtu hapigwi na habari ya kifo usoni, mwanangu, ebo! Mwambie mgonjwa. Kesho mwambie kazidiwa. Mwenyewe atafahamu, alie polepole.

Ndivyo tulivyofanyiwa sote. Baba alipofariki Unguja, mwaka wa sabini na tano, Khelef aliniambia tu kuwa mzee hali yake si nzuri. Nikakaa chini nikalia palepale. Hakuna aliyehitaji kuongeza neno.

Basi nikaenda jikoni. Ammaku jwaram. Mkia mahali pake, sauti chini, macho chini. Narsamma kashtuka. Kauliza kama homa kali. Nikasema kali. Kashika picha ya mungu wake kidogo, kisha kaniuliza kama nyumbani tuna Panadol.

Alhamisi, 23 Februari

Kila siku namwambia kazidi. Kila siku anatia dawa kwenye kifurushi. Panadol, Vicks, soksi nene za sufu. Kuna fundi wa kwao anafanya kazi Nizwa, anasafiri Jumatatu asubuhi, ndiye atakayechukua.

Nimemweleza Sista. Nilidhani atanisifu kwa ile sentensi. Kafunga daftari. Kasema kwao homa ni homa, mtu hupona. Kasema shughuli ya maiti ni siku ya kumi na moja, yaani Jumatano ijayo, na binti hapaswi kukosa. Angeambiwa Jumatatu angekuwa keshafika. Nimwambie, ama atakuja kumwambia yeye Jumapili jioni akitoka zamu.

Nimerudi nyumbani na sikusema.

Ijumaa, 24 Februari

Niandike kweli, hapa hapasomi mtu. Si desturi peke yake. Akienda hatorudi. Paspoti yake imo kwenye mtoto wa meza ya Khelef ofisini, na kila nikimtazama Mama namshukuru Mungu kuwa imo humo. Nimejichukia kuandika haya.

Jumamosi, 25 Februari

Kakishona kifurushi kwa kitambaa cheupe. Kaniomba niandike anwani kwa Kiingereza. Nimeandika jina la mamake kwa mkono wangu, herufi kubwa, na Narsamma kasimama nyuma yangu, midomo inamcheza kama anaomba dua.

Jumapili, 26 Februari

Nimemwambia. Saa kumi alasiri, jikoni, kabla Sista hajaja. Amma chanipoyindi, mama amekufa. Hakuna mkia wowote ndani yake, maneno mawili tu. Kaniambia nirudie. Nikarudia.

Hakulia. Kauliza lini. Nikamwambia tarehe kumi na tisa. Kauliza habari ilifika lini. Nikasema Jumatatu. Kahesabu kwa vidole vyake, taratibu, Jumatatu mpaka leo. Alipomaliza kaviacha vidole vile wazi mapajani. Nikasema samahani kwa Kitelugu, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu.

Nimempigia Khelef simu aje na paspoti. Kauliza, na Mama je? Nikamwambia alete paspoti.

Sasa naandika hapa hapa jikoni maana siwezi kumwacha na siwezi kumtazama. Kakaa sakafuni, mgongo ukutani. Mama anaita kutoka chumbani, wakati wa kugeuzwa umefika. Anaita, "Narsamma! Narsamma!" Narsamma anasikia. Mara zote huinuka kabla jina halijaisha. Leo kakaa.

Mama anaita tena. Mimi haniiti. Naenda mwenyewe. Mwaka na zaidi sijamgeuza mama yangu, na sijui mkono naanza kuutia wapi.