Alichosema Mtani kwa Sauti Yako

Mama Kalunde wangu,

Huku nilipo ni mchana, tumepumzika, na jua la Ugogo limesimama juu ya reli mpaka chuma kinaonekana kama maji. Tunatengeneza njia ya treni. Mgongo umechoka, sikufichi. Siku hizi nikiinama nasubiri kidogo kabla ya kuinuka. Lakini kuna jambo moja linanipa raha. Wazee wetu walipita hapa hapa kwa miguu, mizigo mabegani, wakitoka Tabora kwenda pwani. Joto likizidi nawaona. Wanakuja kwa mstari kutoka kwenye ule mvuke wa jua, hawana haraka, na mara nyingine nyuma yao unakuja wewe na ndoo ya asali kichwani, unanigombeza.

Unakumbuka ile baiskeli? Tulikuwa tunatoka kwenu Sikonge, porini miti imetoa majani mapya mekundu, wewe umekaa nyuma umepakata ndoo. Tulipofika kwenye mchanga nikashuka kusukuma. Wewe hukushuka.

"Sukuma tu, bwana," ukasema kwa ile sauti yako ya puani. "Si ulinioa mwenyewe?"

Nikasukuma huku nacheka, jasho linaingia machoni.

Sasa sikiliza habari za mwanao. Kalunde anaomba kwenda kusoma tena, shahada ya pili, ng'ambo. Masomo yenyewe yanaitwa anthropolojia. Mimi wa darasa la tano neno hilo nalitamka kwa kupumzika katikati. Aliponitajia kwenye simu nilidhani ni mambo ya hospitali.

"Hapana, baba. Ni kusoma watu. Wanavyoishi, wanavyooana, wanavyozikana."

"Kwani hayo yanasomewa?"

"Yanasomewa."

"Basi bibi yako alikuwa profesa, maana hakuna ndoa pale kijijini Ntalikwa ambayo hakuijua."

Akacheka. Kisha akanieleza kwamba anataka kusoma utani wetu Wanyamwezi na Wagogo, jinsi wapagazi walivyouokota kwenye njia hii na kurudi nao nyumbani. Chuo kinataka aeleze kwa maneno yake kwa nini amechagua jambo hilo. Anaandika, anafuta. Siku ya mwisho ya kutuma ni Jumatatu.

"Baba," akasema, "siku tuliyomzika mama, wewe ulicheka. Mama Chiku alikwambia nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Siku ile sijui kama uliiona. Tulikuwa tumelibeba jeneza lako, tumefika karibu na kaburi, na jirani yetu Mama Chiku, yule Mgogo, akatokea mbele amejifunga khanga yako, ameifunga kama ulivyokuwa unafunga wewe, fundo moja ubavuni. Akatanua mikono. "Hapiti mtu! Huyu ni mtumwa wangu, nani kawaruhusu kumfukia?" Watu wakaanza kunong'ona kwa kicheko kile cha msibani. Akatembea kwa mwendo wako, mguu wa kushoto unachelewa, akanijia mpaka sikioni. Akasema kwa sauti yako ya puani:

"Baba Kalunde, shati umelivaa ndani nje. Au ndiyo umeshaanza kutafuta mwingine?"

Nikajitazama. Kweli, mishono yote ilikuwa nje. Tangu alfajiri hakuna aliyethubutu kuniambia. Nilicheka mpaka mchungaji akatazama chini, na katikati ya kile kicheko ndipo kilio kikatoka, ambacho siku mbili nilikuwa nakitafuta nisikipate. Kalunde alikuwa ng'ambo ya kaburi na shangazi zake. Aliona baba yake anacheka. Hakusikia kitu.

Maneno yale sijampa mtu. Siyo aibu. Ni kwamba sauti yako iliishia pale, na niliogopa nikiyasema sana yatapauka kama nguo inayofuliwa kila siku. Nikiinama juu ya reli nayasikia mabichi. Ningewezaje kuyapeleka kwa watu wa ng'ambo wakayasome mezani na chai?

Leo mwenzangu wa kazi, Chilongani, Mgogo wa hapa hapa, kanikuta nasogeza midomo.

"Mnyamwezi, unaongea na reli?"

"Naongea na mke wangu."

"Kajibu?"

"Hajajibu."

"Huyo mama ana akili."

Nikamweleza shida yangu, maneno yenyewe nikayaruka. Akatema ganda la karanga.

"Ninyi kila kitu mnataka kubeba wenyewe, ndiyo maana mlifanywa wapagazi. Mtumwa wangu, wewe ukifia hapa atakuzika nani? Ndugu zako wako Tabora wanatafuna matobolwa yao ya viazi. Nitakuzika mimi. Na nitakusema vibaya mpaka mchungaji akimbie."

Akaenda kunywa maji. Mimi nikabaki nimekaa, Mama Kalunde, nawatazama wale wa kwenye mvuke. Kuna waliolala njiani humu, na aliyewafunika udongo hakuwa wa ukoo wao. Hata wewe, siku ile, ndugu zangu wote walikuwepo na sauti yako haikuletwa na hata mmoja wao. Aliileta Mgogo. Mimi niliifungia kana kwamba nilizaliwa nayo.

Nikampigia mwanao. Nikamwambia yote. Akaniomba nirudie, na mara ya pili nikayasema kwa sauti ya puani kama wewe, na kumbe ninaweza. Vijana wa zamu wakageuka kunitazama. Kalunde hakucheka. Akauliza, taratibu:

"Shati lilikuwa la rangi gani, baba?"

"La bluu. Lile la kanisani."

Nikasikia vidole vyake vinaanza kugonga kompyuta.

Basi ndiyo hivyo, umekwishaondoka ndani ya maandishi ya mwanao. Huko unakokwenda watakusoma watu wasiokujua, watakosea kutamka jina lako, na labda mmoja atacheka mahali panapostahili. Nimeinama mara mbili tangu nikate simu na sijakusikia. Sijutii, ila kumenyamaza sana huku. Nenda na mtoto. Ana safari ndefu kuliko yangu.

Mumeo,
Baba Kalunde