Wasike Atasimama Uwanjani kwa Nani

Kariobangi, 11 Februari 2024

Kaka yangu Wakoli,

Hamjambo huko Chwele? Mama anaendeleaje na magoti? Sisi tu wazima.

Nina tangazo rasmi, tafadhali lisikilize ukiwa umesimama, kofia mkononi: mimi Nangila nimenunua miwani ya kusomea. Jana niliivaa kibandani kwangu Gikomba, nikagundua kwamba jozi niliyokuwa nikiwasifia wateja tangu Krismasi ni viatu viwili vya mguu wa kushoto.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu Wasike anaijua kuliko mimi, na jambo lenyewe ni lake. Ana miaka kumi na mitano, huu ni mwaka wa tohara, na hataki kungoja miaka miwili mingine. Ameniuliza, "Mathe, nitasimama uwanjani kwa nani?" Unajua nilivyomdanganya tangu utotoni, kwamba babake alikuwa dereva wa lori akafa ajalini. Sasa anautaka ukoo wa dereva. Wewe mjomba kazi yako ni kumchinjia ng'ombe na kumvisha nyama yake shingoni kabla ya kisu. Baba wa kumsimamisha uwanjani kwake atahiriwe awe nani?

Dadako,
Nangila

Chwele, 3 Machi 2024

Dada,

Salamu zimefika na basi. Magoti ya mama yanalalamika, mdomo wake ni mzima kabisa. Hongera kwa miwani. Ukija utaona nilivyozeeka.

Nilikaa na wazee. Mmoja akasema mtoto aliyepatikana kwa vita vya mlimani hawezi kutahiriwa hapa mpaka ijulikane mwenye bunduki alikuwa wa ukoo gani. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, nikatolewa kikaoni kama mlevi.

Usimwambie kijana kitu. Dereva anatosha.

Kakako,
Wakoli

Kariobangi, 17 Machi 2024

Kaka,

Pole kwa kutolewa. Najua unanikinga, na umenikinga miaka kumi na sita. Lakini huyo mzee atamwambia Wasike mbele ya watu, akiwa na njuga za tohara mkononi. Afadhali ayasikie kwangu. Nitamwambia mwenyewe.

Dadako,
Nangila

Chwele, 12 Mei 2024

Dada,

Mnaendeleaje? Wiki nane kimya. Ulimwambia?

Kakako,
Wakoli

Kariobangi, 19 Mei 2024

Kaka,

Sisi wazima. Nilimwambia. Alikunywa chai yake, akasema sawa. Tafuta ng'ombe.

Dadako,
Nangila

Chwele, 2 Juni 2024

Dada,

Wewe uliyejaza nusu ukurasa kwa miwani, jambo hili umelimaliza kwa mistari miwili? Mimi ni kaka yako, si mteja.

Mama alikwenda kwa wazee mwenyewe, na fimbo yake. Aliwaambia, "Uwanja ni wa marehemu mume wangu na anayeufagia ni mimi. Atakayesimama hapo namchagua mimi." Wakafunga kikao. Basi mimi nitasimama kama baba, na nyama atampa mjomba Mukhwana, ndugu yake mama.

Sasa niambie kilichotokea.

Kakako,
Wakoli

Kariobangi, 9 Juni 2024

Kaka,

Umenishika. Hakunywa chai yoyote.

Ilikuwa Jumamosi mchana, tunaosha viatu vya kuuza. Nikamwambia hakuna dereva. Wakati wa vita watu wenye bunduki walikuja nyumbani, mmoja akanibaka, simjui jina, na Nairobi nilikuja na mimba yake. Akauliza kama nilitaka kuitoa. Siku hiyo nilikuwa nimeapa kutodanganya tena, nikasema ndiyo, mwanzoni.

Akaweka brashi chini, akatoka. Alikaa siku tisa Komarock kwa rafiki yake Sylvance. Simu zangu hakushika. Nilifungua kibanda kila siku kwa sababu sikujua la kufanya lingine.

Siku ya kumi nilimkuta kibandani, amepanga viatu. "Kwa nini hukunitoa?"

Ningependa kukuandikia kwamba nilijibu maneno makubwa. Nilisema, "Nilichelewa kuamua. Halafu ukaanza kucheza tumboni, nikakuzoea."

Akacheka kidogo, halafu akalia, nami nikalia. Mteja mmoja alituangalia akaenda zake.

Alipojifuta uso akasema, "Ukoo wa huyo mtu siutaki. Nitasimama kwa babu. Na wazee wakiuliza, mathe, usijibu wewe. Nitajibu mimi."

Hajapona moyo. Jana aliniita Nangila siku nzima, kama jirani. Leo asubuhi nimekuwa mathe tena, kesho sijui. Lakini amenunua njuga mwenyewe, na anazipigia chumbani mpaka jirani wa chini anagonga dari.

Tunakuja wote wawili.

Dadako,
Nangila