Barua Niliyoificha Wakati wa Tohara

Kitale, Desemba 1944

Ndugu yangu Simiyu,

Nakuandikia kwa sababu hapa Kitale sina wa kumwambia. Nakaa kwa shangazi, namsaidia kuuza maziwa. Mama hataki kuniona Bungoma.

Barua ya jeshi ililetwa na tarishi wa chifu mwezi wa Agosti. Unajua tangu ulipoondoka msomaji nyumbani ni mimi tu. Niliisoma nimesimama shambani, jembe begani. Mistari minne. Umefia Burma, umezikwa huko huko. Mama akauliza kutoka jikoni, "Simiyu anasema nini?" Nikajibu, "Anakusalimu, Mama."

Mdogo wetu Wafula alikuwa ameshaanza kuzunguka na njuga zake, akiwaalika wajomba kwenye tohara yake. Zilibaki siku tano. Nyumba ikiwa na matanga kijana hatahiriwi, na angengoja miaka miwili mingine huku wenzake wakimwita mtoto. Wote walikuwa vijana wako, wale uliowafundisha kila Jumamosi uwanjani pa kanisa kabla hujaenda jeshini: kusoma, kupiga mpira, hata kushona kifungo. Uliwaita wazee ili wacheke. "Haya wazee, leo nani ameogopa maji baridi?" Wafula ndiye aliyeinua mkono kila mara, maana ulisema anayekiri hachekwi. Nilidhani ungetaka asimame na wenzake. Nikaificha barua ndani ya kitabu cha nyimbo.

Alisimama, Simiyu. Hakupepesa jicho. Mama alicheza mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani, akaliimba jina lako, akisema ukirudi utamkuta mwanamume. Nami nikapiga vigelegele. Sijui vilitoka wapi.

Wafula alipopona, niliwasomea yeye na Mama ile barua. Mama hakulia mbele yangu. Alisema, "Ulinishikia kibuyu cha pombe ya busaa nikicheza. Ulikuwa unaniangalia." Tangu hapo hajala chakula cha mkono wangu.

Hilo ningelivumilia. Lakini siku niliyoondoka Wafula alinifuata njiani, amekunja shati lako la kaki kwapani. Akasema, "Dada, ungeniuliza mimi. Ningengoja." Akageuka akarudi. Nilifanya yote kwa ajili yake, na sikumuuliza. Wewe ungemuuliza.

Nakumbuka vitu vidogo. Ulivyolaza suruali chini ya godoro ili inyooke. Ulivyonipa ganda la chungwa ninuse, ukijifanya umelimaliza, na nusu yangu iko mfukoni mwako. Kumbe hata mimi nilijua kuficha, ila changu hakikuwa kitu cha kumfurahisha mtu.

Walikuomboleza bila mimi. Mama na Wafula na jamaa wote walinyolewa. Mimi bado nina nywele, napita sokoni kama mtu asiyefiwa. Jumamosi nitakwenda. Nitaketi mlangoni pa Mama na wembe, nimwombe aninyoe kwa mkono wake. Akikataa, nitarudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala, hata kama ni udongo wa watu usiowajua. Nikumbuke.

Dada yako,
Nanjala