Waziri Hakojoi Tena Ndani

Athieno mwanangu,

Waziri hakojoi tena ndani. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tumekula.

Tulipomaliza kukuzika hapa nyumbani Mukuju, wenzako wa saluni kule Busia walituletea kitanda chako, sufuria zako, na hicho kimbwa chako cheupe, Waziri, ndani ya kikapu, kimejikunja juu ya gauni lako. Baba yako akakitazama. "Hiki ni mbwa ama ni soksi?" Siku hiyohiyo kikakojoa sebuleni. Kesho yake chini ya meza. Halafu kwenye mkeka wa wageni, na mgeni amekalia! Jirani yetu Mama Ekisa akawa kila asubuhi ananipigia kelele kutoka kwake, "Mama Athieno, Waziri ameshafungua ofisi leo?" Nacheka, lakini kwa hofu, maana baba yako alishasema kikichafua nyumba tena kinapelekwa Petta kwa mjomba wako, kikalale nje na mbwa wake wa kuwinda. Kitu kidogo vile, Athieno. Wangekila.

Na katika vitu vyako vyote, hicho tu ndicho kinapumua. Ningekitoa vipi?

Wacha nikwambie nilivyohangaika. Kila akikojoa, nasiriba mahali pale kwa kinyesi cha ng'ombe, kibichi, vizuri kabisa. Si unajua sakafu yangu? Hakuna mwanamke hapa Mukuju mwenye sakafu kama yangu, hata wenye saruji wananionea wivu. Lakini nikisiriba, anarudi palepale. Nasiriba tena, anarudi tena. Nikadhani ni kiburi cha mjini. Mpaka asubuhi moja nikamfuata nje, nikamwona anakwenda moja kwa moja pale ng'ombe wanapolala, ananusa, anainua kimguu. Nikajipiga paji la uso. Kumbe kwa pua yake, mimi ndiye niliyekuwa namjengea choo sebuleni!

Nikachukua jembe, nikakwangua udongo wote uliolowa, nikaupeleka kwenye migomba ili aifuate harufu yake huko. Sebuleni nikaweka udongo wa kichuguu, nikausugua kwa jiwe ukalala, bila kinyesi hata kidogo. Mama Ekisa akasema nimeharibu nyumba. Nikamwambia aendelee na kuku wake.

Halafu nikamlea kama nilivyokulea wewe. Akiamka, nje. Akila, nje. Nasimama naye kwenye migomba, namwambia "suuu, suuu," vile nilivyokuwa nikikupakata miguuni ukiwa mchanga, nawe unanitazama tu, mkaidi, macho makubwa... Akimaliza nampa dagaa mmoja wa omena, namsifu mpaka mkia unataka kung'oka. Sikumpiga hata mara moja. "Mama, mbwa hapigwi, atajifunza kujificha tu," uliniambia kwa simu ulipompata, nikakucheka. Ulikuwa sahihi. Akili hizo ulizitoa kwangu, usikatae. Katika wanangu wote wewe ndiye uliyeacha mapema kukojoa kitandani, nikakutangaza mpaka kanisani.

Sasa sikia hili.

Jumamosi watu wa ukoo walikuja kukuombea. Nyumba ilijaa, wengine mlangoni. Nimebanwa katikati ya shangazi zako, naomba na jicho moja wazi, namwangalia Waziri. Katekista yuko katikati ya sala ndefu, jina lako ndiyo kwanza linatajwa, na kimbwa kinasimama. Kinapita kati ya viatu vya watu. Kinazunguka mara moja. Nikasema moyoni, basi, ni Petta.

Kikaenda mlangoni kikakwaruza.

Mimi sikuweza kutoka pale. Aliyeinuka ni baba yako, na koti lake la harusi, katikati ya sala, akawasukuma watu, akafungua, akatoka nacho. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia kwenye migomba, polepole, "Suuu. Suuu, mwanangu."

Hakurudi mpaka wageni walipoanza kula. Macho mekundu, na Waziri ndani ya koti, kichwa tu kinachungulia. Athieno, hata kaburini kwako huyo mtu hakulia. Nilikuwa namwogopa kwa ukimya ule. Nikampa chakula. Naye akamega nyama yake, akaishusha chini ya meza.

Petta haitajwi tena hapa.

Lala basi, mwanangu. Siku moja Waziri atazeeka, na wanasema mbwa mzee husahau, akaanza tena kulowesha nyumba. Na asahau. Nitachukua jembe, nitakwangua, nitaweka udongo mwingine, na nikichoka mimi baba yako atashika jembe. Wako huyu, hatoki humu.

Mama yako anayekupenda.