Nilichokiona Mgongoni mwa Punda Yule

Jumamosi, jioni. Meru.

Leo haijanyesha, ila mji umelowa. Ni yale manyunyu ya baridi yanayoshuka kutoka mlimani yakakaa juu yetu kutwa, hata nguo zilizoanikwa jana bado zinanuka maji. Nimefunga duka saa sita. Nimefika nyumbani nikaketi mezani na koti langu mwilini. Mume wangu ameniuliza kama naumwa, nikamwambia nimechoka tu.

Si kuchoka.

Wanaosoma hapa mnajua nina duka la agroveti karibu na soko. Jumamosi ndiyo siku yetu ya watu wengi: huyu anataka dawa ya minyoo ya mbuzi, yule chanjo ya kuku, mwingine amekuja kubishana kuhusu dawa ya kupe aliyonunua mwezi uliopita. Asubuhi katikati ya kelele hizo msichana mmoja aliingia akasimama kando ya magunia ya chakula cha kuku. Alivaa gambuti zenye matope hadi magotini. Nilidhani anamngoja mtu. Wateja walipopungua akaja kaunta.

"Wewe ndiye Makena? Wa wale watu wa punda?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi ni Gakii. Mama yangu ni Mama Kinoti wa Timau, yule mlimchukulia punda. Mama ako wodi hapa Meru. Alianguka na mtungi wa maji, amevunjika nyonga. Nilitaka tu mjue."

Hakupaza sauti. Hakungoja jibu pia. Alitoka akavuka barabara, nami nikabaki nimeshika chenji ya mtu ambaye alikuwa ameshaondoka.

Acha nieleze tangu mwanzo, maana sijawahi kuiandika habari hii yote, na sehemu yake moja sijamwambia mtu yeyote.

Miaka miwili iliyopita Daktari Murithi, daktari wa mifugo ambaye hununua dawa kwangu, aliniomba niwe mdhamini wa shirika dogo aliloanzisha la kuokoa wanyama. Mbwa waliogongwa barabarani, paka waliotupwa pamoja na watoto wao, punda waliochakaa. Makao yenyewe ni mabanda machache na shamba la nyasi nje ya mji. Wadhamini tuko watano. Hatulipwi. Tunakutana, tunaamua, tunatia sahihi. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Wanyama nawapenda, ni kweli, lakini sitajidanganya katika ukurasa wangu mwenyewe: nilipenda pia kuitwa mdhamini. Nilipenda mchungaji alipolitaja shirika kanisani na watu wakageuka kunitazama.

Mwanzoni mwa mwaka, mtu alipiga simu kuhusu punda wa Timau. Daktari alikwenda na askari, akamkuta punda amefungwa nje ya nyumba ya mbao, ana kidonda begani na kingine mgongoni, kwato moja imeoza. Akamleta. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka dawa kule makaoni, kwa hiyo nilikuwepo aliposhushwa kutoka kwenye lori.

Na niliona.

Vidonda vyote viwili vilikuwa vimepuliziwa dawa. Ile ya kopo, ya rangi ya zambarau, ambayo mimi mwenyewe nimeiuza kwa miaka kumi na mbili. Ilikuwa mbichi, haijapauka. Chini ya kamba ya tumbo kulikuwa na kipande cha gunia kilichokunjwa mara nne na kushonwa kwa uzi, ili isimchune. Mtu asiyejali hanunui dawa. Mtu asiyejali hakai chini kushona gunia la punda.

Daktari alikuwa ndani anatayarisha sindano. Msichana anayetusimamia ukurasa wa mtandaoni akasema vidonda visafishwe kwanza, vionekane vizuri kwenye picha. Akamwaga maji akisugua polepole. Rangi ya zambarau ikatiririka hadi chini. Mimi ndiye niliyeshika ndoo.

Picha ilipigwa baada ya hapo. Nyama nyekundu tupu, nzi wawili, na jicho la punda limeangalia kando. Kufikia jioni ilikuwa imesambaa kila mahali. Watu wa Nairobi, watu wa ng'ambo, wote walitusifu na kumlaani mwenye punda. Nilisoma maoni yao dukani, nikimhudumia mteja mmoja na kurudi kwenye simu. Mtu mmoja aliandika kwamba sisi ni malaika. Nililisoma hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Wiki iliyofuata wadhamini tulikutana pale makaoni kuamua kama punda arudishwe. Mama Kinoti alikuja. Mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kitambaa cha kanisani kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote. Alieleza kwa Kimeru kwamba punda huyo ndiye anayebeba maji kutoka mtoni hadi kwenye vyumba vya kupanga wanakoishi wafanyakazi wa mashamba ya maua. Aliulizwa vidonda vimetoka wapi. Akasema mkanda ulikatika, akatumia kamba. Aliulizwa kwa nini hakumtibu. Akasema, "Nilimtibu." Mwenyekiti, ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu na mtu mwema, akainua simu yake akamwonyesha picha. Mama akaitazama muda mrefu. Kisha akaombwa angoje nje kwenye veranda.

Mzee Hamisi peke yake ndiye aliyemtetea kwa nguvu. Yeye ni mchinjaji wa Majengo, na watu hucheka wakisikia mchinjaji yuko kwenye bodi ya kuokoa wanyama, lakini kati yetu hakuna anayemjua mnyama kama yeye.

"Jamani, punda anayepigwa humkimbia mwenyewe," alisema. "Huyu amesikia sauti ya mama hapo nje akaanza kulia. Mmemsikia wote. Tumpe mama matandiko ya maana, tumfundishe, tumrudishie punda wake."

Mwenyekiti akasema, "Na wale watu wote mtandaoni tutawaambia nini?"

Wawili wakataka arudishwe, wawili wakataka abaki. Wakanigeukia mimi, mwenye duka la dawa.

Ningesema sentensi moja tu. Alikuwa amepakwa dawa, mimi niliiona, ikaoshwa. Sentensi hiyo ilikuwa mdomoni. Nikafikiria kuiondoa picha mtandaoni, kuomba msamaha mbele ya watu waliotuita malaika, na msichana wa ukurasa akinitazama kwa sababu naye aliiona rangi ile bila kujua maana yake. Nikainua mkono. Abaki.

Mama Kinoti alipoitwa ndani na kuambiwa, hakulia wala kubishana. Aliuliza swali moja tu: "Na maji nitabeba na nini?"

Mwenyekiti akamwambia tutamtafutia njia nyingine. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba Makena atafuatilia.

Sikufuatilia.

Miezi minne sasa. Kulikuwa na duka, kulikuwa na mtihani wa mtoto, kulikuwa na mazishi ya shangazi. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Mwezi uliopita nilipita Timau nikipeleka oda kwa mkulima wa ngano. Nilijua ni njia ipi inashuka kwake. Baridi ilikuwa kali, nikapandisha kioo cha gari nikaenda zangu.

Leo saa saba nilikwenda hospitali, wakati wa kuwaona wagonjwa. Nilibeba ndizi na maziwa, kama mtu anayetembelea jamaa. Mama Kinoti yuko kitanda cha dirishani, mguu umenyooshwa na kufungwa uzito. Amekonda zaidi. Gakii alikuwa kando yake na chupa ya chai. Aliponiona akainuka, nikadhani atanifukuza, lakini alisogea tu.

"Ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Mukiri anaendelea aje?"

Sikujua Mukiri ni nani. Gakii akasema bila kunitazama, "Punda."

Sisi kwenye ukurasa tulimpa jina la Tumaini. Haikutupitia akilini kwamba tayari alikuwa na jina. Nikasema anaendelea vizuri, amenenepa, vidonda vimefunga.

"Mguu wa mbele bado anauinua asubuhi?"

Nikasema hapana.

Alifurahi. Uso wake ulilegea kabisa, akaanza kunieleza mwenyewe. Mkanda ulipokatika na kamba ikamchubua, alimpumzisha Mukiri, akabeba maji mwenyewe kwa kamba ya kichwani kama enzi za usichana wake. Watu wa vyumba wakalalamika maji hayatoshi. Akamrudisha kazini mapema kuliko alivyotaka. "Hapo nilikosea," alisema. "Hilo kosa ni langu. Lakini asubuhi mliyokuja nilikuwa nimetoka kumpulizia dawa."

"Mama," nikasema, "ile dawa niliiona."

Akanitazama.

"Niliiona kabla hatujamwosha."

"Na siku ile mkiwa ndani, mimi nikiwa kwa veranda, ulisema?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Muuguzi alipita akisukuma toroli. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba maji. Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la aibu mno kumwambia mtu aliyelala na mguu umening'inizwa: nilipenda kusifiwa na watu nisiowajua.

"Mwari," akasema, yaani binti, na angeniita jina baya nisingeumia kama nilivyoumia kwa neno hilo. "Wale wengine sikuwalaumu. Hawakuwa wameona."

Kisha akamgeukia Gakii. "Mpe mgeni chai."

Nikainywa. Chai nzito ya maziwa, tamu, aliyoibeba Gakii kutoka Timau alfajiri.

Kabla ya kuondoka nilimwambia nitaomba bodi imrudishe Mukiri. Akatikisa kichwa. Daktari wa hapa ameshawaambia atatembea kwa magongo, na kubeba maji ndiyo basi. "Nitamwongoza na mguu gani? Gakii anaingia shamba la maua kabla jua halijatoka. Mwacheni akule nyasi. Lakini ile picha muitoe. Kanisani wamenionyesha. Watoto wananiita mwenye punda wa vidonda."

Nilimpigia mwenyekiti simu nikiwa kwenye lango la hospitali. Nikamweleza yote.

"Makena, mbona unasema haya leo?" akauliza. Kisha: "Hiyo picha ndiyo watu wanatujua nayo. Usiiguse. Tutaongea kwa mkutano."

Nimeigusa. Nywila ninayo, wadhamini wote tunayo. Nimeiondoa picha muda mfupi uliopita, na mahali pake nimeandika kwamba punda huyu alikuwa akitibiwa na mwenyewe, kwamba dawa ilioshwa kabla ya picha, kwamba mimi niliona nikanyamaza, na kwamba mama huyo sasa yuko hospitali. Nimeweka jina langu kamili. Wadhamini wenzangu nimewatumia barua yenye maneno hayo hayo, na nimesema wakitaka nafasi yangu waichukue.

Maoni yameanza kuja. Ni watu wale wale. Neno malaika halipo tena. Msichana wa ukurasa ameniandikia kwamba nimemharibia jina, na ana haki, maana yeye hakujua. Mwenyekiti amepiga mara tatu, sijashika. Mzee Hamisi ametuma ujumbe wa sauti: "Nimesoma. Usitoke kwenye bodi. Kutoka ni rahisi. Nenda kwanza nyumbani kwa yule mama, uone wanapata maji vipi."

Jumatatu nitakwenda. Nitamngoja Gakii atoke shambani anionyeshe njia ya mtoni. Sijui bodi itakubali kufanya nini, na hata ikikubali kila kitu, nyonga ile haitarudi ilivyokuwa.

Kuna jambo moja bado, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Mama Kinoti aliponiuliza kuhusu mguu wa Mukiri, nilisema hapana, hauinui tena. Sikujua. Nilimwambia amenenepa kwa sababu niliona hivyo kwenye picha za ukurasa wetu. Tangu siku ile ya kura sijakanyaga makaoni kumwona, hata mara moja. Nilimdanganya mgonjwa kitandani mwake ili nitoke pale nikiwa mtu mwema, saa ile ile niliyokuwa nikikiri uongo wangu wa kwanza.

Kesho kabla ya ibada nitakwenda makaoni mapema, kabla wanyama hawajatolewa nje. Nitasimama pale bandani nimwangalie anavyoamka, mguu kwa mguu. Kisha nitarudi wodini nikamwambie mama ukweli, hata kama bado anauinua.