Jina letu lilikuwa kwenye orodha

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Unanicheka kuniita bibi wakati bado nanyonyesha, lakini ukoo ndivyo ulivyotupanga. Neema anaota meno, hatulali.

Unauliza, ofisi ikishaidhinishwa na serikali, si kazi zinakuja zenyewe? Hata mimi nilidhani hivyo! Ofisi yetu ya upimaji ardhi hapa Kharumwa ilipoingia kwenye orodha ya halmashauri, mimi karani nikabandika cheti ukutani, nikakaa kusubiri. Siku moja nikafungua mtandao wa zabuni nimringishie mama mkwe jina letu.

"Mayu, na hiki chekundu?" akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, kidole kwenye kidoti kando ya jina letu.

Nikakibonyeza. Mwaliko! Ofisi zote za kwenye orodha zimeitwa kushindania upimaji wa viwanja, na mwisho ni saa kumi siku ileile.

"Nipe mtoto, wewe andika!"

Mpimaji wetu alikuwa safarini Runzewe, akanitajia bei na wataalamu kwa simu. Nikatuma zikibaki dakika tano.

Kabula, tumepata! Jana tumesaini!

Sasa kila asubuhi mama mkwe ananiuliza, "Mayu, chekundu kipo?" Na wewe uliyejiandikisha mtandaoni kutafuta kazi, leo umefungua kuangalia? Fungua kwanza, ndipo unijibu.

Bibi yako, Mama Neema