Zulia la Kijani Halirudi Dukani

"Umeuziwa zulia lililopauka!" Sikia, shoga: jirani wa mlango wa pili huyo, kasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, muuzaji aliyelileta na kulitandika sebuleni anasikia!

Zulia la sufu, mtindo wa Kituruki, limefungwa kwa mkono fundo kwa fundo. Eti limepauka!

Mume wangu naye akaanza kuyumba: "Mama watoto, si tulirudishe tu?"

Nikamwambia halirudi ng'o. Nimelichagua mwenyewe, wageni wangu watalikalia.

Nikavua viatu, nikaenda dirishani, nikageuka kulitazama. Shoga! Kijani kimekolea kama majani yaliyonyeshewa. Nikarudi mlangoni: limepauka kweli.

Muuzaji anacheka tu: "Nyuzi zake zimelala upande mmoja, dada. Ukizitazama toka mlangoni zinang'aa, toka dirishani zinakolea."

Jirani: "Mimi sidanganyiki."

"Basi vua viatu uingie," nikamwambia.

"Siingii."

"Unaogopa nini?"

Kaingia. Kafika dirishani, kageuka, kainama kulipapasa. Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini ukiwa mlangoni limepauka."

Nikamwambia: "Sasa nani kakutuma usimame mlangoni kama mlinzi? Kaa hapohapo dirishani, nawa mikono, tule."